Eti "zima tu sauti"

Nianze na muuzaji, maana kifaa chenyewe nimekaribia kukisamehe. Ni kile cha mkononi cha kuonya kuhusu ndege zilizo karibu, kwa ajili ya ndege ya viti vinne. Transponda (redio ya ndege inayojibu rada) ikiwashwa tu, kinapiga kelele: ndege, mwinuko uleule, umbali sifuri. Ukipanda, nayo inapanda. Ukishuka, nayo iko nawe. Mzimu! Simu ya kwanza kwa muuzaji, jibu: "Kaka, si uzime tu sauti." Mtu anakuuzia king'ora kisha anakushauri ukizibe mdomo.

Tatizo lilikuwa dogo mno. Kifaa husikiliza masafa ya 1090 MHz, na transponda inayosikika kwa nguvu kuliko zote ni yako mwenyewe. Ili kiipuuze lazima uingize namba ya utambulisho ya biti 24, yaani alama sita za tarakimu na herufi. Isome kwenye mipangilio ya transponda, usiibahatishe kwa kutazama usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, ulio ubavuni. Namba za Tanzania huanza na 080. Ndani ya changu kulikuwa na namba iliyo katikati ya 008000 na 00FFFF, fungu la Afrika Kusini. Kumbe hicho "kipya, bado kwenye boksi" kilishasafiri!

Hapo nilitaka kuandika msinunue kabisa. Lakini ukiweka namba sahihi, ukazima na kuwasha, mzimu unatoweka, na ndege ya abiria inayokuja kutua Dodoma unaiona kwenye tableti iliyounganishwa nacho kabla macho hayajaipata. Hilo siwezi kulikana.

Ila msidanganyike na skrini tupu. Ndege yenye ADS-B, mfumo wa kurusha hewani mahali ilipo, hujitangaza yenyewe. Yenye transponda ya zamani ya Mode C, inayotoa msimbo na mwinuko bila kusema iko wapi, hukaa kimya mpaka iulizwe, na wa kuuliza ni rada au TCAS, mfumo wa ndege kubwa wa kuzuia kugongana. Rada za kiraia ziko Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe; kwa futi 6,500 juu ya Dodoma hakuna hata moja inayokufikia. Ndiyo maana kifaa kinaweza kulala nusu saa, halafu ndege ya abiria ikikaribia kikaonyesha ghafla mtu ambaye muda wote alikuwa jirani yako. Na huyo wa Mode C hupewa umbali wa kukisia kwa nguvu ya mawimbi, bila upande. Ni juu au chini tu, basi. Redioni endelea kutangaza ulipo.

Usikiweke juu ya dashibodi. Jua la hapa linakipika, betri inagoma kuchaji, na mpira wa kunata unaachia kioo. Kibandike dirisha la pembeni lenye kivuli cha bawa, antena ikiwa wima na mbali na nguzo za chuma, kisha uangalie kama dira inayumba ukikiwasha. Kwenye tableti zima data ya simu, la sivyo ikiona Wi-Fi ya kifaa haina intaneti inaiacha, nawe unabaki unatazama picha iliyoganda.

Nilikuwa nakipa nyota nne. Nikiikumbuka ile simu, tatu. Na pesa ya kitu kipya kwa kitu kilichotumika bado naidai.