Bia ya mepo na oti iliyomwogesha shemeji yangu

Sina kawaida ya kuandika mambo ya vinywaji. Mtu akinywa akapenda, anywe tena, asipopenda, abadilishe. Lakini kuna neno nimeambiwa juzijuzi na mtu wa huduma kwa wateja wa kiwanda kimoja kidogo cha bia, na limenikaa kooni kuliko bia yenyewe: eti bia yao inataka "mnywaji mwenye uzoefu". Haya. Ngoja niwape uzoefu.

Bia yenyewe ni eli (ale, aina mojawapo ya bia) ya rangi ya kahawia, imetiwa shira ya mepo na oti. Mepo ni ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Shina linatobolewa baridi inapoelekea kuisha, maji yake yanakingwa na kuchemshwa mpaka lita 40 hivi zinabaki lita moja ya shira. Jasho la watu hilo, na ndilo lililonivuta. Oti mnazijua, zilezile za uji. Nikaagiza chupa mbili, nikazisimamisha kwenye friji tangu jana yake, sikuzigusa. Narudia: sikuzigusa. Mtaona kwa nini nasisitiza.

Jioni ile shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekaa mbele yangu na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Nikaweka kifungulio chini ya kizibo. Kizibo hakikufunguka, kiliruka. Ikapita sekunde moja ya ukimya, ukadhani yameisha, kisha povu likaanza kupanda shingoni mwa chupa, zito, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa kahawa. Likafika mdomoni, likachuruzika vidoleni mwangu, halafu likaja lote kwa pamoja. Nikafanya lile kosa la kila mtu: nikaziba kwa kidole gumba. Ukiziba kwa kidole gumba hujazuia chochote, umelipatia povu shabaha tu. Shabaha ikawa ni shati.

"Shemeji," akasema huku akijipangusa shavu, "umenunua bia au mtungi wa kuzimia moto?"

Kilichobaki chupani hakikufika theluthi, tena mashapo yote yalishavurugika yakapanda juu. Nikamimina nilichopata. Kilikuwa cheusi-cheusi kama maji ya dimbwi. Nikaonja. Baridi ya kuuma meno, uchungu wa chachu, basi. Mepo hakuna. Oti hazipo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya chupa, maana ilikuwa imara, haikupasuka.

Nikawaandikia palepale, mkono mmoja simu, mkono mwingine kitambaa cha kufutia meza. Nilikuwa na adabu mwanzoni, Mungu shahidi. Jibu likaja haraka: "Ndugu mteja, inaelekea chupa ilitikiswa. Bia zetu ni hai na zinahitaji mnywaji mwenye uzoefu." Hakuna pole. Hakuna "tuambie tarehe iliyo kwenye lebo". Kosa langu, na mkono wangu, na ushamba wangu.

Hebu sikilizeni. Bia iliyotikiswa hufoka, nakubali. Lakini chupa iliyosimama kwenye friji usiku mmoja na mchana wake imeshatulia kabisa. Hii haikutikiswa, hii ilifungwa mapema. Sukari ya mepo karibu yote ni sukrosi, sawa na sukari unayotia kwenye chai, na chachu ikiipata inaila mpaka imalize. Ndiyo maana wapika bia wengi huitia shira mwishoni, wakati mchachuko umeshapoa, ili harufu isitoke yote na gesi. Wazo zuri. Ila ukiitia mwishoni ukakimbilia kufunga kizibo, chachu itamalizia mlo wake humo chupani, na gesi haina pa kwenda. Ili bia ipate gesi ya kawaida ikiwa chupani, gramu 6 au 7 hivi za sukari kwa lita zinatosha. Hawa, kwa nilivyoona mezani kwangu, walikadiria kwa macho. Na kichekesho ni kwamba oti zina mafuta kuliko shayiri, na mafuta ni adui wa povu! Sijui bila oti shati la shemeji lingekuwa na hali gani.

Nikaandika hayo yote. Wakajibu. Nikajibu. Wakarudia neno "uzoefu". Yakapita karibu dakika arobaini za kurushiana maneno, mpaka shemeji akaazima fulana yangu na kuhamia kwenye televisheni.

Sasa hapa ndipo ninapoudhika zaidi. Nikiwa natafuta neno la mwisho la kuwachoma, nikanyoosha mkono bila kuangalia nikapiga funda la ile iliyobaki kwenye glasi. Nikanyamaza. Mashapo yalikuwa yameshuka chini, baridi imekwisha, na bia ilikuwa imefunguka yenyewe. Harufu ya sukari inayoanza kuungua, nyuma yake kama ubao mpya uliokatwa sasa hivi, na kwa mbali vanila. Mdomoni ilikuwa laini, inateleza kwenye ulimi, haina ile ncha ya gesi. Hiyo ni kazi ya oti: zina utelezi wake, ule unaouona uji ukipoa, na bia inaupokea vizuri sana. Haikuwa tamu, na mtu anayetegemea utamu wa shira atajiona ameibiwa, lakini mimi nilipenda hivyohivyo kavu. Nilikosea kuinywa na ubaridi wa friji, nasema ukweli. Nyuzi 10 au 12 ndizo zake. Nikafuta ule ujumbe. Nikapandisha nyota mpaka nne.

Mke wangu akapita, akainua glasi, akanusa. "Mbona uwatu huu?"

Basi. Ningekuwa sijui lolote ningecheka. Lakini najua kwamba uwatu una kitu kinaitwa sotoloni, na ndicho hichohicho kinachonukia kwenye shira ya mepo. Wapo wanaotengeneza ladha ya mepo ya bandia kwa uwatu, na mtu akila uwatu mwingi hata jasho lake linanukia hivyo. Nikanusa tena. Mepo. Nikanusa tena. Uwatu. Lebo inasema "ladha asilia", na uwatu nao ni asilia, hakuna aliyesema uongo. Nikawauliza, safari hii kwa upole kabisa maana bia ilikuwa imenipoza: je, ni mepo tupu, au kuna uwatu humo?

"Mapishi yetu ni siri. Mnywaji mwenye uzoefu angetambua."

Nyota mbili. Au mbili na nusu, kwa sababu ya lile funda, ambalo siwezi kulikana. Kama ni uwatu, basi aliyeutia ana mkono mzuri, na ningemlipa hata kwa jina la uwatu. Kama ni mepo, wangesema tu, wangepungukiwa nini? Na pole ya shati hadi leo haijaja.

Chupa ya pili bado ninayo. Nimeitoa kwenye friji, ipo ndani ya sinki la jikoni, imezungushiwa taulo kuukuu, inangoja ubaridi upungue. Shemeji ameuliza kama ataonja. Nimemwambia aje, ila avae nyeusi.