Mbegu za tango za kupanda nyumbani: zipi ununue, na kwa nini za kupimiwa kijiko uachane nazo

Meseji zenu zimenijaa na zote ni kilio kimoja, dada nimepanda matango wiki ya pili hii hata jani sioni. Mmoja analaumu samadi, mwingine kuku wa jirani, kuna aliyefukua shimo akakuta mbegu imeoza imekuwa uji. Nikiuliza ulinunua ikiwa kwenye nini, jibu halibadiliki: muuzaji kanichotea kwenye kopo kanifungia kwenye nailoni.

Hapo hapo ndo pa kuanzia. Tango halidekezi, kwa joto la Dar mbegu nzima ukiifukia kama sentimita 2 na udongo ukawa na unyevu, ndani ya wiki imeshachomoza. Zikipita siku 10 kimya acha kumwagilia, mara nyingi ilishakufa kabla hujailipia.

Watu wakifika dukani wanauliza inazaa sana? tango refu au fupi? Hakuna anayeuliza hili kopo limefunguliwa lini! Kampuni inaikausha mbegu ndo inaifunga isipitishe hewa, sasa kopo likishafunguliwa kila mteja akija linafunuliwa, hewa yetu ya pwani inaingia na mbegu inanyonya unyevu kimya kimya. Wataalamu wa mbegu wana hesabu yao, unyevu ndani ya mbegu ukipanda asilimia 1 tu maisha yake yanapungua nusu, joto likipanda nyuzi 5 nusu nyingine inaondoka. Na kopo lenyewe limekaa shelfu ya juu kabisa, karibu na bati. Mbegu ambayo ingetunzwa vizuri ingefika hata miaka 5, pale inazimika mapema mno. Halafu kinachoniudhi zaidi, lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji inabaki kwenye kopo dukani, wewe unaondoka na nailoni isiyo na hata jina.

Kwa hiyo mimi napanga kwa kifungashio kwanza, mengine baadaye.

Ya kwanza ni East-West Seed. Mimi ni mtu wa East-West na sifichi. Mwanzilishi wake Simon Groot, Mholanzi, alianzia Ufilipino mwaka 1982 akilenga wakulima wadogo wa nchi za joto, mpaka 2019 akapewa tuzo ya kimataifa ya chakula, World Food Prize. Unachotaka ni kifuko kidogo cha foili ambacho wa kwanza kukichana ni wewe, nyumbani kwako.

Inafuata Ashley ya kampuni yoyote, mradi foili ni nzima na lebo ipo. Ni mbegu ya Marekani ya tangu miaka ya 1950, inahimili ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, na sio chotara kwa hiyo ukiacha tango moja liive mpaka liwe la njano unapata mbegu zako za msimu ujao, ila jirani asiwe na aina nyingine maana nyuki watachanganya.

Tatu ni zile F1, yaani chotara, zinazozaa bila kuchavushwa. Kwa aliye ghorofani asiyeona nyuki hizi ndo zenyewe, ningezipandisha juu kama sio bei. Jamani mimi nina viroba sita kibarazani, unaniuzia pakiti ya mbegu 1000 nizipeleke wapi? Kampuni zinajua kabisa siku hizi watu wengi mjini wanalima kwenye ndoo na viroba, lakini kutupakilia mbegu 20 hawataki, ndo maana tunaishia kwa wenye vijiko.

Za kijiko hapana. Za kukamua tango la sokoni pia hapana, lile limechumwa bichi, mbegu zake hazijakomaa.

Ukishanunua, funga mbegu 10 kwenye tishu mbichi uweke sehemu yenye joto. Siku ya tano zikiota 8 panda kwa raha, zikiota 3 rudisha dukani na tishu yako ukawaonyeshe. Zinazobaki zikunjie kwenye foili ile ile, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, weka friji. Na muuzaji akikwambia "ni zile zile za kwenye kopo dada, nakupunguzia bei tu", mwambie akuuzie kopo lililofungwa kwa bei hiyo hiyo uone atakavyobadilisha mada.