Meza za kompyuta za shule ya msingi kutoka karakana ya Kampemba, Lubumbashi: chuma kizuri, kimo kibaya

Seti moja ni meza ya watoto wawili na stuli mbili. Meza ina urefu wa sentimita 120, upana 60, na kimo 75, fremu ya chuma cha mraba. Kwa uchomeleaji, fundi hana deni: maungio yamejaa pande zote, miguu imevishwa mpira, na mtoto akiegemea kona meza haichezi.

Kasoro ni hiyo 75. Hiyo ni meza ya karani wa ofisi. Mtoto wa mwaka wa tatu mwenye kimo cha sentimita 130 hivi anataka kiti cha 35 na meza ya 59 hivi. Wa mwaka wa sita, kiti cha 38 na meza ya 64. Mkalishe wa mwaka wa tatu hapa uone: viwiko vimepanda kufuata mabega, miguu inaning'inia, na punde si punde amepiga magoti juu ya stuli. Stuli ikiteleza, inaondoka na waya wa kipanya. Agiza 62 kabla chuma hakijakatwa, kimo kitakachowafaa wote kwa kiasi. Kukata baadaye si rahisi, maana bomba linalofunga miguu liko sentimita 10 tu kutoka sakafuni. Ukitoa 13 umelitoa nalo, na fremu inaanza kuyumba.

Tundu la waya nalo ni dogo, sentimita 3. Plagi ya duara haipiti. Dai 6.

Karakana inaleta pia mchoro wa kupanga: safu zinazotazama ubao. Uache. Mwalimu akisimama mbele anaona migongo ya skrini tu, na waya zinakatiza njia ambamo watoto wanapita wakisukumana. Panga meza kwenye kuta tatu, watoto wakitazama ukuta. Mwalimu akiwa katikati anaona kila skrini, na prizi zote zinabaki ukutani. Ubao unakuwa nyuma yao, ndiyo, lakini stuli hizi hazina egemeo, kwa hiyo mtoto anageuka bila kuinuka. Hapo fundi amepatia, hata kama hakukusudia.

Chumba cha mita 6 kwa 8 kinapokea meza 12: tano kila ukuta mrefu, mbili ule wa nyuma, yaani watoto 24. Darasa la 50 liingie kwa zamu. Pembe ziache tupu, magoti yanagongana pale. Ukuta wenye madirisha ya magharibi uwekewe pazia nzito, la sivyo skrini zinazoutazama hazisomeki mchana.

Kiangazi cha Lubumbashi kina vumbi jekundu, na kompyuta iliyokaa sakafuni inalivuta lote. Inyanyue sentimita 15 kutoka sakafuni, ikae juu ya kibao, uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili hewa ya moto itoke.

Umeme haumo katika bei, na hapo ndipo shule nyingi zinabana matumizi vibaya. Kompyuta 12 za mezani, kila moja ikila wati 120 hivi, ni wati 1,440, karibu ampea 6.5 kwa volti 220. Si nyingi. Kinachounguza ni ralonji (waya wa kurefusha umeme) kuchomekwa juu ya ralonji: maungio yaliyolegea yanapata moto hata kwa mzigo mdogo. Vuta laini mbili za waya wa milimita 2.5 za mraba, kila moja na disjonkta yake (swichi inayojikata mzigo ukizidi) ya ampea 16, na waya wa ardhi uwe umefika ardhini kweli, si kukatwa ndani ya boksi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, shusha disjonkta. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uipandishe.

Lipa kwanza meza moja. Mkalishe mtoto mfupi kuliko wote, kisha mrefu kuliko wote, ndipo uruhusu zile 11 zikatwe.