Gari la Turbo Linapomisi: Mashine au Kuhamisha Koili?
Gari la turbo likimisi, yaani silinda ikikosa kuwasha mafuta vizuri, kwenye mlima wa Bugando, fundi wa Mwanza ana njia mbili. Mashine ya kupimia ni ya haraka, na msimbo P0303 humwonyesha kuwa silinda ya tatu ndiyo inayomisi, ila haimwambii kama tatizo ni koili (inayotengeneza volti ya cheche), plagi (inayotoa cheche) au nozeli (inayonyunyizia mafuta). Njia ya pili, kuhamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, huchosha kidogo. Lakini misimbo ikifutwa, gari likapandishwa mlima uleule na P0301 ikatokea, yaani sasa inamisi silinda ya kwanza, koili imejishtaki yenyewe. Binafsi naiamini zaidi njia hii, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa na turbo hudai volti kubwa zaidi ili cheche iruke mwanya wa plagi, na koili dhaifu huweza kufanya kazi vizuri injini ikiunguruma gari likiwa limesimama.