Age of Fantasy: Skirmish kwa mchezaji wa Kigoma: hesabu vichwa kwanza

Mchezo huu wa vita vya mezani hutolewa na One Page Rules, na sifa yake kubwa kwa mtu wa Kigoma ni kwamba anaweza kuuanza bila kuagiza chochote ng'ambo. Kanuni za msingi ni PDF ya bure. Orodha za majeshi ni bure. Army Forge, programu ya kupangia jeshi, inafunguka hata kwenye simu. Wala hulazimiki kutumia vinyago vya kampuni: plastiki, udongo, karatasi, vyote ruksa. Hapa tunaupima kwa jeshi la karatasi, maana ndilo steshenari yoyote ya Mwanga, mjini Kigoma, inaweza kukutolea leo hii.

Wengi wanaoanza huchagua jeshi kwa ukali wa picha. Wanaona Ogres, majitu yenye matumbo na marungu, wanayachukua manne, pointi za kununulia askari zimekwisha. Kwenye mapigano ya ana kwa ana watafurahi kweli, kwa sababu kila jitu lina Tough(3), yaani kanuni ya ugumu, haliangushwi kirahisi. Tatizo ni kwamba mchezo hauamuliwi kwa maiti. Vituo vya kuteka huwekwa 3 hadi 5, mnacheza raundi 4, na anayeshikilia vingi mwishoni ndiye mshindi. Kituo kinatekwa ukiwa na mtu ndani ya inchi 3 raundi inapoisha na adui hayupo karibu nacho. Majitu manne hayawezi kuwa sehemu tano.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye karatasi. Mnapokezana kuchezesha askari mmoja mmoja. Mwenye wanne akishamaliza wake, mwenye wanane bado ana wanne wa kusogeza bila kujibiwa, na hao ndio wanaokimbilia vituo wakati wewe umekaa unatazama.

Basi tuchukue Goblins au Ratmen, vijitu dhaifu vya pointi chache, tujaze meza? Hapana. Kila kichwa ni karatasi ya kukata, kukunja na kugundisha, na zamu zinavuta mpaka mpinzani anachukua simu yake. Kwa jeshi la pointi 200 hivi, vichwa 7 au 8 vinatosha: shujaa mmoja, wapiganaji wanne wa kawaida, wapiga upinde wawili, na mmoja mwenye mbio wa kunyakua kituo cha mbali. Majeshi ya High Elves, Orcs, hata Saurians yanapangika hivyo. Pointi hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo nyote wawili pangeni jeshi siku moja kwenye Army Forge, la sivyo ugomvi utaanza kabla dadu haijarushwa.

Ukishapata idadi, ndipo uangalie nguvu. Kila askari ana namba mbili. Quality 4+ maana yake pigo lake linampata adui dadu ikitoka 4, 5 au 6. Defense 4+ maana yake anazuia kwa namba hizohizo. Wawili wa namna hiyo wakipambana, kila pigo moja lina nafasi 1 kati ya 4 ya kujeruhi. Mnyonge wa Quality 5+ akimpiga mwenye Defense 3+, nafasi inashuka hadi 1 kati ya 9. Hapo unarusha dadu tu kwa mazoezi ya mkono. Dawa yake ni silaha yenye AP, yaani ya kupenya deraya. AP(1) humpunguzia mzuiaji 1 kwenye dadu yake, kwa hiyo 3+ inakuwa kama 4+, na yule mnyonge anapanda hadi 1 kati ya 6. Jeshi lisilo na AP hata moja likikutana na watu wa deraya linaumia sana.

Vifaa vingine vipo mtaani. Dadu ni za pande sita tu, za ludo zinafaa, tafuta kumi. Futikamba ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja. Mwendo wa kawaida ni inchi 6, kukimbia au kuvamia ni inchi 12, na rula ya shule ya sentimeta 30 inakaribia kabisa hizo 12. Meza ni futi 4 kwa 4, yaani nusu ya shiti la plaiwudi. Ukiwa na meza ya futi 3, punguza eneo la kujipanga la kila upande kutoka inchi 12 hadi 6. Usipopunguza, majeshi yanaachana inchi 12 tu, uvamizi unafika raundi ya kwanza, na wapiga upinde wako wanageuka mapambo.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Tumia ya gramu 160 hadi 200. Mwambie wa steshenari achapishe picha za askari kwa asilimia 100. Printa ikiachwa ijipangie ukubwa, askari wanapungua na hawalingani na wa mwenzako. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu kwenye mstari wa mkunjo, hasa kama printa ni ya leza, kwani rangi yake hupasuka pale juu ya kichwa. Ya inki haipasuki, ila ikikutana na gundi nyeupe ya maji inatiririka, kwa hiyo tumia gundi ya kupaka ya kijiti. Gundisha pande mbili kwanza, kisha ndipo ukate. Kingo nyeupe zipake kalamu nyeusi ya maka. Bila hivyo hata mchoro mzuri unaonekana kama vocha iliyokwanguliwa.

Kitako cha kila askari ni kizibo cha soda, kipenyo chake ni milimita 32 hivi, saizi inayotumika sana kwenye michezo hii. Kigeuze, weka mchanga wa ziwa uliochanganywa na gundi nyeupe, simamisha askari, uache ukauke usiku kucha. Wakati wa masika ongeza siku. Bila uzito huo usithubutu kuchezea barazani, upepo wa Tanganyika utakuamulia vita.

Dosari tunazoziona: kanuni ni za Kiingereza, na maneno kama Shaken au Fatigue yanahitaji karatasi ya muhtasari kando ya meza. Halafu majeshi yako mengi mno kwa anayeanza, na kila moja lina kanuni zake za pekee. Anayetaka kuchaguliwa kila kitu atapenda zaidi Spearhead, mchezo wa kampuni ya Games Workshop uliotoka mwaka 2024: sanduku moja ni jeshi kamili lisilobadilishwa, na uwanja wake ni inchi 30 kwa 22, unakaa kwenye meza ya kulia chakula. Ila hiyo ni plastiki ya kuunganisha, ya kuagiza kutoka nje, na mpinzani wako naye lazima aagize la kwake.