Chupa ya bakteria kwa tangi jipya la matumbawe: uzoefu wangu na DrTim's One & Only

Bakteria wa chupa hii hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali; kabla ya samaki kuingia, unawalisha amonia kwa dozi. Nimeitumia kwenye tangi la lita 100 lenye mawe makavu kilo 10 na mchanga wa aragonaiti (wa chokaa), bila kipande hata kimoja cha jiwe hai (jiwe la baharini lenye bakteria tayari). Siku ya 19 tangi lilimaliza dozi nzima ya amonia ndani ya saa 24, nitriti nayo ikasoma 0. Naipendekeza kwa mtu aliye tayari kupima. Ukiimimina na kukaa kusubiri, umetupa hela.

Nunua ile ya maji ya chumvi, maana ya maji baridi (yasiyo na chumvi) ina bakteria tofauti. Angalia tarehe ya mwisho, na chupa iliyokaa juani au iliyoganda iache hapo hapo dukani.

Maji yawe ya RO/DI (yaliyochujwa hadi kuwa safi kabisa), TDS 0, yaani bila kitu chochote kilichoyeyuka ndani yake, kwa sababu klorini ya bomba huua bakteria wale wale uliowalipia. Nilitia chumvi ya akwariamu gramu 37 hivi kwa lita, pampu ikakoroga kwenye pipa saa 24, hadi refraktometa (kipima chumvi) ikasoma 35 ppt, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Joto nyuzi 26. Walio pwani wasichote maji ufukweni baada ya mvua. Yamechanganyika na maji ya mito na uchafu wa mji.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu ya amonia. Ukitoa mawe na mchanga, lita zangu 100 zilikuwa 85 za maji. Kufikia mg 2 za nitrojeni kwa lita nilipima gramu 0.65 za amonia kloridi kwa mizani ya vito. Vipimo vingine husoma amonia yenyewe, si nitrojeni, hivyo 2 itaonekana 2.4, usidhani umezidisha. Usivuke mg 5 kwa lita, kwa kuwa hapo bakteria wenyewe huzubaa.

Tikisa chupa sana, mimina yote. Skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na taa ya UV ya kuua vijidudu vizimwe saa 48 ili bakteria wapate kushika mawe, pampu za mawimbi zisizimwe kabisa, taa zibaki zimezimwa ili mwani usitangulie.

Siku ya 6 amonia ilikuwa imeisha, nikatia dozi ya pili. Nitriti ikapanda hadi rangi ya mwisho ya kipimo, ikaganda hapo kuanzia siku ya 8 hadi ya 13. Hapa ndipo wengi hukimbilia chupa nyingine. Pima fosfeti (chumvi ya fosforasi) kwanza! Yangu ilisoma 0: mawe makavu hayakuwa na kitu, na bakteria hawaongezeki bila fosforasi. Chembe chache za chakula cha samaki kilichosagwa zilitosha. Siku ya 17 nitriti ilikuwa 0. Dozi ya tatu, siku ya 18, ndiyo ilikuwa mtihani.

Nitrati usiipime nitriti ikiwa bado ipo, kipimo hudanganyika na kusoma juu. Kila mg 1 ya nitrojeni hutoa mg 4.4 za nitrati, kwa hiyo dozi tatu zilipaswa kutoa 26 hivi, nilisoma 25.

Nilibadilisha nusu ya maji, nikawasha skima, nikaanza na samaki wawili wadogo. Matumbawe yangoje hadi vumbi la kahawia la diatomu (mwani mdogo sana) lipite, na wiki ya kwanza ya samaki pima amonia kila siku.