Uzoefu wangu: gari la rimoti bado zima, betri zake zimekufa

Septemba mwaka jana nilimnunulia mwanangu gari la rimoti katika duka moja la Kariakoo, likiwa na betri mbili za lithiamu za volti 7.4, kila moja ya miliampea-saa 1500 (kipimo cha chaji inayobebwa), pamoja na chaja ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Gari lenyewe sina ugomvi nalo: limeruka matuta, limepinduka mara zisizohesabika, na gia zake hazijang'oka jino hata moja. Betri ndizo zilizonifanya niandike. Mwanzoni gari lilikimbia dakika 18 kwa chaji moja, lakini kufikia Januari lilikuwa likizima baada ya dakika saba, na betri moja ilikuwa imevimba kama andazi.

Muuzaji alituagiza tuimalize chaji kabisa ndipo tuchaji tena. Ushauri huo haukutoka hewani, kwani ulitolewa enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo magari ya kuchezea ya zamani yalizitumia. Kwa lithiamu ni sumu. Kila betri yetu ina seli mbili, yaani vyumba viwili vya kuhifadhi umeme vilivyounganishwa, na seli moja ya aina hii haitakiwi kushuka chini ya volti 3 wala kupanda zaidi ya 4.2, na sisi, kwa utiifu wetu, tulikuwa tukiikamua kila siku hadi gari lishindwe kusogea.

Niliipeleka ile iliyovimba kwa fundi wa simu wa mtaani kwetu, naye akapima kila seli peke yake mara baada ya gari kuzima. Ya kwanza ilisoma volti 3.6, ya pili 2.7. Hapo ndipo nilipoelewa tatizo la chaja tuliyopewa: ina nyaya mbili tu, hivyo inaona jumla ya seli zote mbili na kujaza mpaka volti 8.4, bila kujua kwamba moja ikibaki kwenye 4.0 mwenzake inasukumwa hadi 4.4. Taa ya kijani huwaka vilevile. Seli iliyojazwa kupita kiasi huanza kuvunja kimiminika kilichomo ndani yake na kutoa gesi, na kwa kuwa ganda lake ni mfuko laini uliofungwa, gesi hiyo haina pa kwenda.

Kwa nini seli moja itangulie kuchoka? Nadhani ni kwa sababu ilikaa upande wa mota. Miliampea-saa 1500 zikiisha kwa dakika 18, maana yake betri inatoa wastani wa ampea 5, kazi ambayo betri ya simu haiijui, na mwanangu alikuwa akiichomeka kwenye chaja ingali ya moto, tena katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa kwanza. Joto huharakisha kukua kwa utando unaofunika grafaiti, yaani kaboni inayopokea lithiamu ndani ya seli. Utando huo hula lithiamu na kuongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hivyo gari likiongezwa kasi volti huanguka ghafla na gari huzima ilhali chaji bado ipo.

Betri ya pili tuliiua wenyewe. Tulipokwenda Moshi kwa likizo ya Desemba tuliiacha ndani ya gari bila kuzima swichi, na tuliporudi baada ya wiki tatu ilisoma chini ya volti 4 kwa jumla ya seli zote mbili. Fundi alikataa kuichaji, na sikumlaumu.

Tangu Februari ninatumia betri mbili mpya na chaja ya shilingi 65,000 inayosawazisha seli, yaani kuzifanya zilingane kwa volti, kupitia plagi ndogo ya nyaya tatu, na ambayo inaweza kuiacha betri kwenye volti 3.8 kwa kila seli endapo haitatumika kwa siku kadhaa. Tunasimamisha gari dakika ya 14, tunaiacha betri ipoe nusu saa, kisha tunaichaji juu ya kigae, mbali na mapazia. Miezi minane imepita, na nilipojaribu kulikimbiza hadi lijizime lenyewe, lilifika dakika 16.

Gari ninalipa alama nne kati ya tano, chaja yake alama moja. Kama duka lingekubali kuniuzia gari hilo bila ile chaja, hata kwa punguzo la shilingi elfu tano tu, ningechukua jingine leo.